Kompyuta Iliyolala: Nani Amepewa Ruhusa ya Kuiamsha?

Wahenga wetu walisema: "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha, utalala wewe." Kwa binadamu na siri zake, methali hiyo ina mahali pake. Lakini kwa kompyuta ya nyumbani, ambayo siku hizi imebeba hesabu za biashara ya mama, kazi za shule za watoto na picha za jamaa wote, mwenye nyumba hana budi kujua mambo mawili: kompyuta hiyo inalala vipi, na ni kitufe gani kimepewa ruhusa ya kuiamsha. Asiyeyajua hayo hupoteza kazi ya siku nzima kwa kukatika umeme mara moja, au hutumia fedha kwa fundi kwa jambo ambalo angelipanga mwenyewe kabla ya adhana ya Isha.

Makala haya tumeyaelekeza zaidi kwa familia za Pwani zenye watoto wanaosoma Eldoret, na kwa jamaa zetu waliohamia huko kwa kazi na biashara. Lakini faida yake ni kwa kila nyumba yenye kompyuta.

Kwa nini Eldoret?

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024 na kuwa jiji la tano nchini Kenya, iko katika nyanda za juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na chenye kampasi yake kuu huko Kesses, kimewavuta vijana wetu wengi kutoka Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale. Kila muhula unapofunguliwa, kijana hupanda basi akiwa na begi mgongoni, na ndani ya begi hilo, baina ya nguo na halua ya mama, mna kipakatalishi, au laptopu kama wengi wetu tunavyoiita. Safari ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi ni ya takriban kilomita 800. Kwa muda wote huo ile kompyuta imelala gizani ndani ya begi. Je, imelala kweli?

Eldoret ina uhusiano mwingine na jambo hili. Mwaka 2016, serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, kwa majaribio katika shule 150, Chuo Kikuu cha Moi kwa ubia na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno kilikuwa mmoja wa washirika wawili waliopewa kazi ya kutoa vifaa hivyo. Mshirika wa pili akiwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa nchini: tableti za wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta, na sava ndogo ya kuhifadhi masomo. Watoto wa darasa la kwanza, wengi wao wakiwa hawajawahi kugusa kompyuta, walianza kwa somo moja: hiki ndicho kitufe cha kuwashia. Watu wazima wengi, kwa bahati mbaya, hatukuvuka somo hilo.

Kitufe kisichokata umeme

Zamani swichi ya kompyuta ilikuwa kama swichi ya taa. Ukiibonyeza, umeme umekatika na kila kitu kimezimika, kiwe kimehifadhiwa au hakikuhifadhiwa. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpangilio mpya wa ujenzi wa kompyuta za mezani uitwao ATX, na hapo kitufe kikabadilika tabia. Tangu wakati huo, kitufe hakikati umeme. Kinapeleka ujumbe tu. Ndani ya kompyuta hubaki mkondo mdogo wa umeme, hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu imechomekwa ukutani. Mkondo huo ndio mlinzi wa usiku anayesubiri kusikia kitufe kimebonyezwa.

Disemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni iliyoitwa ACPI, iliyoukabidhi mfumo wa kompyuta, kama vile Windows, mamlaka ya kuamua nini kifanyike ujumbe huo ukifika. Ndiyo sababu leo kitufe kimoja kinaweza kuzima, kulaza, kuzimisha kiwambo peke yake, au kutofanya lolote. Uamuzi ni wa mwenye kompyuta. Jambo moja halibadiliki: ukikibonyeza na kukishikilia kwa sekunde nne au zaidi, kompyuta huzimwa kwa nguvu. Hiyo ni dawa ya dharura inapoganda, wala si njia ya kila siku, kwa sababu kazi isiyohifadhiwa hupotea na mafaili yanaweza kuharibika.

Aina tatu za kulala

Usingizi wa kwanza ni ule mwepesi, ulioandikwa "Sleep" katika Windows. Kazi zote ulizofungua hubaki katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huendelea kulishwa umeme kidogo. Ukibonyeza kitufe, kompyuta inazinduka kwa sekunde chache na kukukuta pale pale ulipoachia. Hatari yake ni moja: umeme ukikatika kabisa au betri ikiisha, kilichokuwa katika kumbukumbu hiyo kinaweza kupotea.

Usingizi wa pili ni mzito, na jina lake kwenye menyu ni "Hibernate". Kompyuta huandika kila kitu kwenye diski, kisha hujizima. Haili betri, na haiogopi kukatika kwa umeme. Kuamka kwake ni kwa taratibu zaidi, lakini kazi yako huikuta salama.

Wa tatu ni ule wa mang'amung'amu, unaopatikana katika vipakatalishi vingi vipya. Kiwambo kimezimika, nawe unadhani mashine imelala, kumbe inaendelea kusikiliza intaneti na kupokea barua pepe, kama simu inavyofanya mfukoni. Huu ndio unaowashangaza vijana wetu wanaposhuka basi Eldoret na kukuta begi lina joto na betri imekwisha, ilhali walifunga kifuniko tangu Mombasa.

Kujua kompyuta yako ina usingizi wa aina gani, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /a, kisha ubonyeze Enter. Utaorodheshewa aina zote zinazopatikana. Ukiona maneno "S0 Low Power Idle", basi yako ni ya mang'amung'amu. Ukiona "S3", yako hulala ule usingizi mwepesi wa kawaida.

Kupanga vitufe na kifuniko

Ingia Control Panel, kisha Hardware and Sound, kisha Power Options, na kushoto uchague maandishi yasemayo "Choose what the power buttons do". Hapo utakuta mistari ya kitufe cha kuwashia, kitufe cha kulaza ikiwa mashine inacho, na kifuniko. Kila mstari una sehemu mbili: kompyuta ikiwa inatumia betri, na ikiwa imechomekwa ukutani.

Kwa msafiri, ushauri wetu ni huu: kifuniko kikifungwa wakati wa kutumia betri, chagua usingizi mzito. Hivyo begi halitapata joto njiani. Ikiwa usingizi mzito hauonekani katika orodha, bofya maandishi "Change settings that are currently unavailable", halafu uweke alama mbele ya neno "Hibernate" chini ya ukurasa. Ikiwa hata hapo halipo, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /hibernate on, kisha urudi tena kwenye ukurasa ule.

Kwa mama anayefanya biashara nyumbani kwa kompyuta ya mezani, ambaye huandika oda za keki au mabuibui huku akienda jikoni na kurudi, usingizi mwepesi unatosha mchana. Kompyuta nyingi za mezani zina mpango wa mseto, unaoweka kazi kwenye kumbukumbu na kwenye diski kwa pamoja, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Uhakikishe umewashwa: katika mipangilio ya undani ya Power Options, chini ya "Sleep", tafuta "Allow hybrid sleep". Wanaoishi mahali ambapo mvua ya alasiri huja na radi na kukatika kwa umeme watauona umuhimu wake.

Nani aamshe, nani asiamshe

Kulaza ni nusu ya jambo. Kuamsha ni nusu ya pili. Kitufe cha kuwashia huamsha aina zote za usingizi. Kibodi na kipanya huweza kuamsha kompyuta kutoka usingizi mwepesi iwapo vimepewa ruhusa, lakini aghalabu haviwezi kuiamsha kutoka usingizi mzito, kwa kuwa wakati huo mashine imezimika.

Ruhusa hiyo hutolewa katika Device Manager. Fungua sehemu ya "Keyboards" au "Mice", bofya mara mbili jina la kifaa, nenda kwenye ukurasa wa "Power Management", kisha weka au ondoa alama mbele ya maneno "Allow this device to wake the computer". Katika kompyuta za usingizi wa mang'amung'amu usishangae kuukosa ukurasa huo. Hizo zina utaratibu wake.

Katika nyumba nyingi ni busara kuiruhusu kibodi na kuikataza kipanya. Kipanya huguswa na pindo la pazia, na paka, na mtoto anayepita mbio, na kompyuta ikaamka usiku wa manane na kumulika chumba kizima. Kibodi, kwa upande wake, ni rahisi kwa bibi mwenye vidole vizito au mgonjwa wa viungo: badala ya kutafuta kitufe kidogo pembeni mwa mashine, anabonyeza kitufe kirefu cha nafasi na kompyuta inaitika. Kwa kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya meza, hili humwokoa mzee na kuinama.

Ikiwa kompyuta inaamka yenyewe na hujui ni nani aliyeiamsha, usikimbilie kusema ina virusi. Andika powercfg /lastwake katika dirisha la amri, itakutajia kilichoiamsha mara ya mwisho. Ukiandika powercfg /devicequery wake_armed, itakuorodheshea vifaa vyote vyenye ruhusa. Mara nyingine mwamshaji ni saa ya ndani, iliyowekwa na programu au na masasisho ya Windows. Huyo huzuiwa katika mipangilio ya undani ya Power Options, chini ya "Sleep", kwa kuzima "Allow wake timers".

Kitufe kinapokufa

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Familia nyingi hununua vipakatalishi vilivyotumika Ulaya, vile viitwavyo "ex-UK" madukani. Vingi ni vya aina zilizoundwa kwa ajili ya maofisi: HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Ni mashine madhubuti, lakini kitufe cha kuwashia kimekwisha kubonyezwa miaka mingi kabla hakijafika kwako. Pwani, hewa ya chumvi nayo hula viunganishi vya chuma. Siku moja kitufe kinabonyea, lakini mashine haiitiki. Mwanafunzi yuko Kesses, mtihani ni kesho, na kazi yote imo ndani.

Mashine hizi za ofisini zina tunu ambayo wauzaji wachache huitaja. Katika programu ya msingi iitwayo BIOS, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, au F1 kwenye ThinkPad mara tu mashine inapoanza kuwaka, mara nyingi pana chaguo la kuifanya kompyuta iwake yenyewe pale inapochomekwa chaja. Dell huliita "Wake on AC", ThinkPad "Power On with AC Attach", na HP "Power On When AC Detected". Baadhi zina chaguo jingine la kuwaka kifuniko kinapofunuliwa. Mwenye kuweka mojawapo ya machaguo haya hata kitufe kikifa leo, ataiwasha kwa kuchomeka chaja na kuendelea na kazi yake, akimtafuta fundi kwa utulivu.

Lakini zingatieni: ili uingie BIOS, kompyuta lazima iwe inaweza kuwaka. Chaguo hili huwekwa kitufe kingali kizima. Siku kitakapokufa, muda umepita, isipokuwa kama kompyuta bado iko macho: hapo hifadhi kazi yako, iwashe upya kwa kutumia menyu ya Windows, uingie BIOS na kuweka chaguo hilo kabla hujaizima.

Na mwenye kitufe kilichoanza kulegea abadilishe mipango yake kwa muda. Akipange kitufe kisifanye lolote, autumie usingizi mwepesi, na aamshe kwa kibodi au kwa kufunua kifuniko. Usingizi mzito ataukwepa, kwa sababu ndio unaohitaji kitufe kwa kuamka. Ushauri huu ni kinyume cha ule wa msafiri hapo juu, na mwenye mashine apime hali yake: akisafiri na kitufe kibovu, kwanza aweke chaguo la chaja, ndipo aizime.

Pini ya hijabu na kompyuta inayosinzia

Kuna jambo dogo linalowahusu dada zetu hasa. Kipakatalishi hutambua kuwa kimefungwa kwa njia ya sumaku: kwenye kifuniko mna sumaku ndogo, na upande wa kibodi mna kihisio kinachoitambua. Sumaku ikikaribia, kompyuta huamini kifuniko kimefungwa, ikalala. Sasa, pini za sumaku za kufungia mtandio zimeenea, kwa kuwa hazitoboi kitambaa. Dada akiivua pini na kuiweka juu ya kipakatalishi kando ya kibodi, kiwambo huweza kuzimika ghafla, na kila akikiamsha kinalala tena. Vivyo hivyo kwa bangili za sumaku na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Kabla ya kuipeleka mashine kwa fundi, ondoa kila chenye sumaku karibu nayo, ujaribu tena. Huenda dawa imo mkononi mwako.

Sitara ya nyumba

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kompyuta inapoamka, inamwonyesha aliyeiamsha kila kilichokuwa wazi ilipolala. Katika nyumba zetu, humo mna picha za arusi za upande wa wanawake, picha za mabinti wakiwa nyumbani bila ya hijabu, na mazungumzo ya familia. Ukiruhusu kibodi iamshe kompyuta bila ya nywila, umemruhusu kila mgeni, kila mtoto wa jirani aliyekuja kucheza, na kila mwanafunzi wa chumba cha pili hosteli, kuyaona hayo.

Nenda Settings, kisha Accounts, kisha Sign-in options, na pale panapouliza lini Windows idai kuingia upya, chagua iwe kila kompyuta inapoamka kutoka usingizini. Mwekeeni kila mmoja akaunti yake na nywila yake, watoto na yao. Na mjue kuwa nywila hiyo humzuia mwenye kufunua kifuniko, lakini haimzuii mwenye kuitoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, ikiwa diski haikusimbwa. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta kwa ajili ya kitufe, hamisheni picha za aila kwenye diski ya pembeni inayobaki nyumbani, na muifute nakala iliyomo. Fundi mwaminifu hatachukia. Naye huepushwa na tuhuma.

Kabla ya basi kuondoka

Mzazi unayemsindikiza kijana kwenda Eldoret muhula ujao, tenga nusu saa siku moja kabla ya safari, mkae naye. Kaguaneni: kifuniko kimepangwa kwa usingizi mzito, chaguo la chaja limewekwa katika BIOS, nywila inadaiwa kila kompyuta inapoamka, na nakala ya kazi zake iko mahali pengine mbali na mashine hiyo. Kisha funga kifuniko, subiri dakika kumi, ugusie chini ya mashine. Ikiwa ni baridi na taa zake zimezimika, imelala kweli. Ikiwa ina joto, izimeni kabisa kabla ya kuitia begini, na Mola awafikishe salama.